Kutunza Kidimbwi cha Samaki kwa Vitu vya Nyumbani: Maarifa kwa Jamaa Zetu wa Meru na Embu

Wazee wetu walisema maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Anayefuga samaki nyuma ya nyumba huuona ukweli wa maneno haya kila siku. Bahari yetu hujaa na kupwa mara mbili kwa kutwa; uchafu huchukuliwa, maji mapya huletwa, na samaki hupumua bila ya msaada wa mwanadamu. Kidimbwi hakina maji kujaa wala kupwa. Kila punje ya chakula iliyobaki na kila tone la sabuni litakaa humo humo na samaki, mpaka mwenyewe aliondoe.

Tunaandika makala haya kwa sababu waraka wetu huu hausomwi pwani pekee. Jamaa zetu wako Meru na Embu kwa biashara, kwa kazi na kwa ndoa, na wengi wao wana kipande cha ardhi kinachoweza kubeba kidimbwi, au wanacho kidimbwi tayari ila kimegeuka kuwa makazi ya vyura. Swali wanalotuuliza akina mama ni moja: je, mtu asiye na fedha za pampu, vipimo vya dukani na magunia ya chakula cha viwandani aweza kufuga samaki na akapata faida? Jibu letu ni kwamba aweza, kwa sharti kwamba ajue ni vitu gani vya nyumbani vinavyosaidia, vipi vinavyoua, na ni mahali gani pasipofaa kubania.

Vidimbwi vilivyoachwa

Mwaka 2009 serikali ya Kenya ilianzisha mpango wa kuchochea uchumi, na ndani yake mlikuwa na mradi wa kuchimba vidimbwi 200 katika kila moja ya maeneo bunge 140. Kipimo cha kawaida kilikuwa mita za mraba 300, na kila kidimbwi kilitiwa vifaranga vya samaki 1,000. Nyanda za Mlima Kenya zilipata sehemu yake, na huko Kanyakine, Imenti Kusini, kukajengwa kiwanda kidogo cha kusindika samaki.

Baada ya msaada kupungua, vidimbwi vingi nchini viliachwa. Mkulima aliyezoea kupewa chakula cha samaki alikuta kwamba sasa lazima akinunue, na chakula ndicho gharama kubwa kuliko zote katika ufugaji huu. Aghalabu hupita nusu ya matumizi yote. Baadaye ukaja mpango mwingine wa kukuza biashara ya ufugaji wa samaki, unaofadhiliwa na serikali pamoja na shirika la IFAD, na kaunti za Meru na Embu zimo. Lakini mpango wowote una mwisho wake. Kidimbwi kitakachodumu ni kile ambacho mwenyewe aweza kukitunza siku ambayo hakuna mgeni wa kumsaidia.

Kujua mahali kabla ya kutoa shilingi

Samaki anayefugwa zaidi ni perege, ambaye sokoni wengi humwita tilapia. Perege hupenda maji yenye joto la nyuzi 25 hadi 30. Yakishuka chini ya nyuzi 20, hula kidogo na hukua polepole. Mji wa Embu uko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, na Meru zaidi ya mita 1,500. Huko juu kwenye majani chai baridi ni kali zaidi. Kwa hivyo aliye Mbeere au sehemu za chini za Meru, ambako jua ni kali, atavuna mapema kuliko aliye Manyatta au Runyenjes. Wa milimani asikate tamaa, ila asipige hesabu za miezi sita kama anazozisikia kwa watu wa nchi ya joto. Achague mahali pasipo na kivuli cha miti, na asiruhusu maji baridi ya mto kupita kidimbwini mchana kutwa. Maji yakitulia hupata joto la jua.

Jambo la pili ni udongo. Kabla ya kumlipa mchimbaji, chimbeni shimo la kina cha mtu kusimama hadi kiunoni, lijazeni maji asubuhi na mlifunike kwa majani ya migomba. Jioni maji yatakuwa yamepungua, kwa kuwa udongo mkavu hunywa. Jazeni tena na mfunike. Kesho yake asubuhi, ikiwa maji mengi bado yapo, udongo wafaa. Yakiwa yametoweka, hapo patahitaji karatasi nzito ya plastiki, ambayo ni ghali; ni afadhali kulijua hilo kwa shimo dogo kuliko kwa kidimbwi kizima. Udongo wa kichanga wa nchi kavu za chini huhitaji kipimo hiki zaidi kuliko ule mwekundu wa milimani.

Mfuniko wa mkebe badala ya kipimo cha dukani

Maji mazuri ya kidimbwi cha perege hayawi meupe kama ya kunywa. Huwa na ukijani hafifu, na ukijani huo ni mimea midogo mno isiyoonekana mmoja mmoja kwa macho. Mimea hiyo ni chakula cha samaki, na mchana hutoa oksijeni majini. Ikiwa michache, samaki hulala njaa na mwenye kidimbwi hulipia chakula zaidi. Ikizidi, usiku hunywa oksijeni yote, na alfajiri samaki hufa.

Wataalamu huupima ukijani huu kwa kisahani chenye upana wa sentimita 20, kilichopakwa rangi nyeusi na nyeupe. Nyumbani twaweza kukitengeneza kwa mfuniko wa mkebe mkubwa wa rangi au sahani ya bati iliyochakaa. Igawanyeni sehemu nne, mbili zipakwe nyeupe na mbili nyeusi zikipishana, kisha ipigilieni msumari kwenye ncha ya fimbo iliyonyooka. Wekeni alama kwenye fimbo kwa sentimita 25 na 40 kutoka kwenye sahani.

Kipimo hufanywa karibu na adhuhuri, jua likiwa wazi na mpimaji akilipa jua mgongo. Teremsheni sahani polepole mpaka isionekane. Ikipotea kabla ya alama ya 25, ukijani umezidi. Simamisheni samadi na muongeze maji mapya. Ikipotea kati ya alama hizo mbili, hali ni njema. Ikiwa bado yaonekana baada ya 40, maji yana njaa, ongezeni samadi. Asiye na sahani atumie mkono wake: azamishe mkono ulionyooka mpaka maji yafike kiwiko, kiganja kikitoweka machoni hapo, au karibu ya hapo, maji yako sawa.

Tahadhari moja: kipimo hiki hakifai iwapo maji ni ya rangi ya matope. Hapo tatizo ni mmomonyoko wa kingo au maji ya mvua yanayoingia kutoka shambani. Pandeni nyasi fupi kwenye kingo na mchimbe mtaro wa kuyaelekeza maji ya mvua pembeni.

Samadi, jivu na chokaa

Ukijani huletwa na samadi, na samadi katika nyumba za Meru na Embu hainunuliwi, kwani ng'ombe yuko zizini. Kipimo kinachofundishwa wafugaji wa Kenya ni gramu 50 za samadi kavu kwa kila mita ya mraba kwa wiki. Kidimbwi cha mita 100 kitataka kilo 5. Cha mita 300, kilo 15. Msiimwage ovyo majini. Itieni katika gunia kuukuu, lifungeni kwenye mti uliosimikwa pembeni ya kidimbwi, na mlitikise kila siku. Gunia hufanya kazi kama mfuko wa majani ya chai: rangi na lishe hutoka, makapi hubaki. Kilichobaki hurudi kwenye migomba.

Udongo mwekundu wa nchi ya kahawa na majani chai una tindikali, na katika maji yenye tindikali samadi haifanyi kazi sawasawa. Dawa yake ni chokaa ya kilimo, kilo 10 hadi 20 kwa kila mita 100 za mraba, ikinyunyizwa kwenye sakafu ya kidimbwi kikiwa kikavu, wiki moja au mbili kabla ya kutia samadi. Isiwe chokaa ya kupaka ukuta, kwa maana ile ni kali na huunguza. Jivu la kuni lina kazi inayofanana na ya chokaa, na kwa kidimbwi kidogo laweza kusaidia likitandazwa juu ya udongo mkavu. Ila nguvu ya jivu haitabiriki, kwa hivyo lisimwagwe kamwe kwenye maji yenye samaki.

Chakula: hapa ndipo fedha zinapovuja

Tufanye hesabu. Tuseme katika vifaranga 1,000 wamesalia samaki 800, na kila mmoja amefika gramu 250. Hizo ni kilo 200 za samaki. Kwa kawaida kila kilo ya perege hutaka kilo moja na nusu hadi mbili za chakula, nayo ni kilo 300 hadi 400. Ikiwa sehemu moja katika tano yazama matopeni bila ya kuliwa, mwenye kidimbwi amepoteza kilo 60 hadi 80. Amelipa magunia ya chakula ili ayachafue maji yake mwenyewe. Bandu bandu huisha gogo.

Njia ya kwanza ya kuokoa fedha, basi, ni kuacha kumwaga. Wapeni samaki chakula mara mbili kwa siku, kama saa nne asubuhi na saa kumi alasiri, mahali pale pale. Rusheni kiganja kimoja, mngoje. Wakimaliza, rusheni kingine. Kile wasichokimaliza kwa robo saa ni cha ziada, na kesho kipunguzwe. Chakula kinachoelea kizuieni kwa duara la bomba kuukuu la plastiki au chupa tupu zilizofungwa pamoja, ili upepo usikisukume kwenye nyasi.

Njia ya pili ni mizani ya jikoni. Kila mwezi vueni samaki 20 au 30, wapimeni pamoja ndani ya ndoo yenye maji mliyokwisha kuipima, kisha mpate wastani. Wakiwa 1,000 na wastani ni gramu 100, jumla ni kilo 100; asilimia 3 ya hizo ni kilo 3 za chakula kwa siku. Asiyepima hulisha kwa kukisia, na mtu akikisia hulisha zaidi ya haja. Mwezi wa Julai, ukungu na baridi vinapotanda Meru na Embu, kipimo hupunguzwa tena, kwani samaki mwenye baridi hali.

Njia ya tatu ni kuchanganya chakula nyumbani. Embu imepakana na Kirinyaga, na mashine za mpunga za Mwea hutoa pumba kwa wingi. Mchanganyiko mwepesi wa kilo 10 ni huu: pumba za mchele kilo 5, mashudu ya alizeti kilo 2, dagaa waliosagwa kilo 2, na unga wa muhogo au wa mahindi kilo 1 uliosongwa kama uji mzito ili ushikanishe. Protini yake hukaribia asilimia 23, nayo inatosha kwa kidimbwi chenye ukijani mzuri. Pitisheni katika mashine ya mkono ya kusagia nyama, mkaushe kivulini, mkatekate, na muhifadhi mahali pakavu. Dagaa wachagueni: waliokaushwa juu ya mchanga huwa na mchanga mwingi, na mnunuzi hulipia uzito usioliwa.

Mabaki ya jikoni nayo yana nafasi yake. Majani ya matembele na ya sukuma wiki yaliyokatwakatwa, ugali uliobaki, na mchwa wa msimu wa mvua wote huliwa na perege. Vyakula vyenye mafuta, pilipili na chumvi nyingi visitiwe, maana mafuta hutanda juu ya maji. Na mahindi yenye ukungu yasitiwe kabisa. Tusisahau mwaka 2004, ambapo watu 125 walifariki katika eneo la mashariki ya Kenya kwa sumukuvu ya mahindi yaliyohifadhiwa vibaya. Sumu hiyo humdhuru samaki pia, na nafaka isiyofaa kwa watoto wetu haifai kuwa lishe ya kitoweo chao.

Alfajiri ndiyo saa ya hatari

Usiku mimea ya majini haitoi oksijeni, bali huitumia. Kwa hivyo saa ambayo oksijeni ni haba kuliko zote ni kabla ya jua kuchomoza. Familia inayoamka kwa sala ya alfajiri ina faida kubwa hapa: akitoka mtu mmoja na taa baada ya sala akatazama kidimbwi, atayaona yale ambayo mfugaji wa saa tatu hayaoni. Samaki wakiwa juu ya maji wakifunua vinywa, wanakosa pumzi. Hatari huzidi baada ya siku mbili tatu za mawingu, hasa katika mvua za Machi hadi Mei na za Oktoba hadi Desemba.

Hapo simamisheni chakula na samadi siku hiyo, ingizeni maji mapya, na mwayatibue maji yaliyomo kwa kuyachota kwa ndoo na kuyamwaga kutoka juu. Kwa siku zote, bomba la kuingizia maji liwekwe juu, na chini yake itundikwe sufuria kuukuu iliyotobolewa matundu mengi. Maji yakidondoka kama mvua hubeba hewa, na sufuria hiyo hiyo, ikiwekwa kitambaa cha wavu, huzuia mayai ya samaki wa mtoni na vyura kuingia. Mwenye wasiwasi zaidi afuge kambare, ambaye ana kiungo cha kupumua hewa ya juu; ila kambare ni mla nyama, asichanganywe na vifaranga vidogo.

Vitu vya nyumbani vinavyoua

Si kila kilichopo nyumbani ni rafiki wa samaki. Cha kwanza ni chandarua kilichotiwa dawa. Wengi huona chandarua kuukuu kuwa wavu wa bure wa kufunikia kidimbwi au kuhifadhia vifaranga. Dawa iliyomo hufanya kazi njema ya kuua mbu, lakini ni sumu kali kwa samaki hata kwa kiasi kidogo sana. Kisitumike majini kwa namna yoyote.

Cha pili ni sabuni na maji ya kufulia, ambayo huharibu mashavu ambayo samaki hupumulia. Dawa ya kung'arisha nguo yenye klorini yafaa kuoshea nyavu na ndoo ili kuua vijidudu, ila zisuuzwe mara nyingi na zianikwe juani kabla ya kurudi majini. Maji ya mfereji wa mji nayo huwa yametiwa klorini; kwa tangi la plastiki au la kioo, yaacheni wazi juani kwa siku moja au mbili kabla ya kuyatia.

Cha tatu ni dawa za shambani, na hili ni la Meru na Embu hasa. Kahawa hunyunyizwa dawa zenye madini ya shaba dhidi ya magonjwa ya ukungu, na shaba ni sumu kwa samaki, zaidi katika maji laini yasiyo na chokaa kama ya vijito vya mlimani. Mfereji unaopita katikati ya kahawa au miraa kabla ya kufika kidimbwini hubeba chochote kilichonyunyizwa. Siku ya kunyunyiza, fungeni maji yasiingie, wala bomba la dawa lisioshwe karibu. Kadhalika ng'ombe aliyenyunyizwa dawa ya kupe asinyweshwe hapo, na samadi yake iachwe siku kadhaa.

Chumvi kutoka kwetu

Kuna kitu kimoja cha jikoni ambacho sisi wa pwani tunakijua vizuri: chumvi. Chumvi nyingi ya Kenya hutoka Gongoni na Marereni, katika kaunti ya Kilifi, na kwa mfugaji wa bara ni dawa ya bei nafuu. Samaki aliyevuliwa, akashikwa au akasafirishwa huchubuka na kuishiwa nguvu. Kijiko kimoja cha chakula cha chumvi katika lita 5 za maji ya ndoo ya kusafirishia humtuliza na kuzuia ukungu kwenye majeraha. Chumvi ni ya ndoo na tangi dogo. Kuimwaga katika kidimbwi kizima ni kupoteza fedha, na maji yake hayatafaa tena kumwagilia mboga.

Ndege, mbu na watoto

Mdiria na korongo huweza kumaliza vifaranga katika wiki chache. Badala ya wavu wa kununua, tandazeni kamba za katani kutoka ukingo hadi ukingo, zikipishana, na mzifunge vipande vya utepe wa kaseti za zamani. Utepe humetameta na kuvuma kwa upepo, na ndege huogopa. Hamisheni mahali pa utepe kila baada ya siku chache, wasije wakauzoea. Nyasi za pembeni zikatwe fupi, kwani mbu huzaliana penye majani yaliyoinamia maji.

Lililo muhimu kuliko samaki wote ni mtoto. Kidimbwi chenye kina cha mita moja kinatosha kumzamisha mdogo. Uzio wa miti ya miiba au fito pamoja na mlango unaofungwa uwe umekamilika kabla maji hayajatiwa. Katika jambo hili hapana kuahirisha.

Pasipofaa kubania

Tumetaja vya bure na vya bei nafuu. Sasa tutaje kile kinachostahili kulipiwa: vifaranga. Perege wa kiume na wa kike wakichanganywa huzaana upesi mno, na baada ya miezi kidimbwi hujaa mamia ya samaki wadogo wanaogombania chakula, hakuna hata mmoja wa kuuzika. Ndiyo maana wafugaji hununua vifaranga vya kiume pekee, kutoka kwa wazalishaji wanaojulikana. Anayechota vifaranga kwa jirani bila ya kujua aina wala umri wao ataulipia urahisi huo kwa chakula cha miezi minane.

Kwa ushauri, kituo cha taifa cha ufugaji wa samaki kiko Sagana, kaunti ya Kirinyaga, na kimekuwapo tangu 1948. Kipo chini ya taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi, KMFRI, ambayo makao yake makuu yako hapa kwetu Mombasa. Maofisa wa uvuvi wa kaunti za Meru na Embu nao wapo kwa kazi hiyo. Kuuliza kabla ya kununua ndiyo akiba ya kwanza.

Kuhusu halali

Akina mama wametuuliza pia kuhusu samaki aliyelelewa kwa samadi. Samaki ni halali wala hahitaji kuchinjwa, na samadi hapa huotesha mimea ya majini, kama inavyoiotesha mboga shambani. Hata hivyo wanazuoni wamezungumzia mnyama ambaye lishe yake kubwa ni najisi, wakaelekeza azuiliwe na alishwe kilicho safi kabla ya kuliwa. Mfugaji Mwislamu aweza kuchukua tahadhari hiyo kwa wepesi: aondoe gunia la samadi wiki mbili kabla ya kuvuna, aongeze maji safi, na awalishe samaki nafaka na mboga. Damu ya machinjioni, ambayo baadhi ya watu huichanganya katika chakula cha samaki, na samadi ya nguruwe, aziepuke kabisa. Anayenunua chakula kilichochanganywa aulize kilichomo. Kwa maelezo ya kina, muulizeni sheikh wa msikiti wenu.

Maji hayamwagwi

Siku ya mavuno, maji ya kidimbwi na matope ya chini yana rutuba ya miezi mingi. Yaelekezeni kwenye sukuma wiki, migomba na nduma zilizopandwa chini ya ukingo. Hapo fedha ya mbolea nayo itakuwa imeokolewa, na samadi iliyotoka zizini itakuwa imelisha mara mbili: samaki kwanza, kisha mboga.

Mwenye kuanza aanze na kidimbwi kidogo cha mita 100 au hata tangi moja, awe na daftari la kuandika tarehe, kilo za chakula, kipimo cha sahani na samaki waliokufa. Kikundi cha akina mama kikianza na kidimbwi kimoja kinachojulikana hesabu yake, kitajua mwisho wa msimu iwapo kimepata au kimekosa, na kwa nini. Fedha ya kikundi ni amana. Katika vidimbwi vilivyoachwa, mara nyingi hesabu haikuandikwa, na mwenyewe hakujua lini hasara ilianza. Daftari na kalamu ni vitu vya nyumbani pia.